Mbuzi Aliyekataa Kuzikwa

Wenye mashua wa Kashikishi walimlaumu Fanwell kwa jambo moja tu: hakuwa mtu wa kuharakishwa. Ukimwagiza mashua ungeipata siku aliyoitaka yeye, si siku uliyoitaka wewe. Kila mwanya kati ya mbao mbili aliupitia kwa kidole kabla ya kuutia kalafati ya pamba na lami, na ukimwuliza atamaliza lini, alikujibu kwa kukuuliza kama unajua kuogelea. Alikuwa na miaka hamsini kasoro, mwingi wa maneno na vicheko, na kanisani alikaa benchi la mbele ili aimbe kwa sauti asikike. Mkewe, Mwaka, alitoka Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Wabelgiji. Nyumbani kwao walizungumza Kiswahili. Kibemba cha Mwaka kiliwachekesha majirani, na Kiswahili cha Fanwell kilimchekesha Mwaka, nao wakakubaliana kwamba wa kuchekwa awe mume.

Alianguka Desemba ya mwaka 1954, asubuhi, akiwa amechuchumaa chini ya mashua ya mtu. Nyundo ya mti ilimtoka mkononi. Akataka kuiokota, mkono wa kulia ukakataa. Akataka kusimama, mguu wa kulia ukakataa pia. Akamwita fundi mwenzake, lakini kilichotoka kinywani hakikuwa jina la mtu wala neno la lugha yoyote. Wakambeba hadi kwake juu ya ubao aliokuwa ameuranda jana yake, wakamlaza, na wanawake wakaanza kulia.

Hapo ndipo alipoingia Mubanga. Mubanga alikuwa jirani na mzee wa kanisa, mtu mwema, sina ubishi na hilo, ila alikuwa na haraka ya misiba. Aliuinua ule mkono wa kulia, akauachia ukaanguka, akatikisa kichwa.

"Huyu hatafika asubuyi," alisema. "Batu batume habari Puta sasa hivi, mutani wake akuye."

Inafaa kueleza. Fanwell alikuwa wa ukoo wa Mbuzi, na watani wa Mbuzi ni ukoo wa Chui, kwa sababu ambayo hata mtoto anaielewa. Pande zile za ziwa la Mweru, mtani ndiye anayekuzika. Anakuja na jembe lake, anasimamia kaburi, anadai kuku wake wa kaburi, na muda wote huo anamtania marehemu mpaka waombolezaji wacheke huku machozi yanawatoka. Ukiwa hai anakutukana atakavyo na kuchukua kitu chako atakacho, nawe huruhusiwi kununa. Utamtukana na wewe, basi. Mtani wa karibu wa Fanwell alikuwa Matildah, mjane, muuza samaki wakavu wa Puta. Kutoka Puta ni mwendo wa siku nzima kwa mashua. Mubanga akapiga hesabu zake akaona heri habari itangulie kifo.

Fanwell aliyasikia yote hayo. Akili yake ilikuwa humo ndani, nzima, ikigonga mlango. Alitaka kumwambia Mubanga aende zake, lakini ulimi ulikuwa umelala kinywani kama wa mtu mwingine. Akabaki kutazama dari la nyasi na kuogopa.

Usiku ukapita, asubuhi ikafika, na Fanwell akafika nayo. Siku ya tatu jioni, mvua ikinyesha, Matildah akaingia uani na jembe begani.

"Iko wapi nyama yangu?" alipaza sauti. "Banasema mbuzi mukubwa wa Kashikishi amekufa! Mbuzi mwenye kelele! Nani atakula muhogo wangu sasa, nani atanyea mulango wangu?" Wanawake wakaangua kilio upya. Matildah akaingia ndani, akamwinamia yule aliyelala, na macho yao yakakutana. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama! Maiti inanitazama!"

"Mama, mutu hajakufa," Mwaka alisema kwa hasira.

"Hiyo ni makosa yake, si yangu. Nimeacha samaki juu ya moto kule Puta, nimelowa mvua siku muzima, na huyu anapumua! Kuku yangu iko wapi? Kuku ya kaburi. Sikukuya bure."

Mwaka alikaribia kumfukuza. Lakini mtani hafukuzwi. Kuku alichinjwa, na Matildah alikuja kumla palepale kando ya kitanda, akinyonya mifupa kwa sauti. Fanwell, ambaye kwa siku mbili hakuwa amemeza kitu ila uji mwepesi uliomkwama kooni, alimkodolea macho.

"Unatamani?" Matildah alimwuliza. Kisha akawageukia wengine. "Munamulisha namna gani? Amelala hivi? Nani anakula amelala? Hata mbuzi anakula amesimama!" Akamwingiza mikono kwapani, akamketisha akiegemea ukuta, akamzungushia blanketi, akamtia mchuzi kidogo kinywani. Fanwell akameza. Ukashuka. Mwaka akaliona koo la mumewe likipanda na kushuka, akaenda kusimama nje ya nyumba akalia peke yake. Safari hii hakulia kwa huzuni.

Dresa, yaani mwuguzi wa zahanati, kijana aitwaye Ackson, alikuja siku iliyofuata na baiskeli yake. Alimpiga magoti kwa vidole, akamwambia atoe ulimi, ulimi ukatoka umepinda.

"Ni mushipa wa damu mu kichwa," alisema. "Dawa sina, sitawadanganya. Lakini mukono na muguu mubisogeze kila siku, na mumusemeshe. Musimulaze fasi moja kama gunia ya unga. Benye kulazwa kama gunia, banakuwa gunia."

Watu walimsikia Ackson kwa heshima, kisha wakaendelea na ya kwao. Walinong'ona. Walimfunika. Akijaribu kunyanyua kikombe, mikono mitatu ilimwahi. Ni Matildah peke yake aliyechukua maneno ya dresa akayafanyia kazi, ingawa yeye aliapa kwamba sababu yake ilikuwa nyingine kabisa. "Nimeitwa kuzika," alimwambia kila aliyeuliza. "Mutani harudi kwake kazi haiyaisha. Ao atakufa, ao atasimama. Mie niko hapa." Akahamia kwa wifi yake aliyeolewa Kashikishi, akapata pahali pa kuuzia samaki sokoni, na kila asubuhi kabla ya soko alipita kumtukana Fanwell.

Baada ya Krismasi alifika mjomba. Chisenga, kaka wa mama yake Fanwell, alikuja na mashua na vijana wanne wa kupiga kasia. Hakuwa mtu mbaya. Ningefurahi kusema alikuwa mbaya, hadithi ingekuwa nyepesi. Alikaa, akala, akashukuru, ndipo akasema kwa Kiswahili ili Mwaka asikie mwenyewe.

"Mukwe wangu, umefanya kazi ya kweli. Lakini mugonjwa ni wa ukoo yake. Mugonjwa wetu anarudi kwa mama yake, Puta. Akifa mu mikono yako, batu watasema mambo."

Hakuhitaji kumalizia. Mwaka alijua yaliyobaki. Kule Puta kulikuwa na dada za Fanwell watatu, na mke wa ng'ambo asingekuwa na jiko wala kauli. Angekaa wiki mbili kama mgeni, kisha angeambiwa kwa upole kwamba kwao wanamngoja. Watu hawakuiti huko kuachika, lakini ndiko.

"Umuulize yeye," Mwaka alisema.

Chisenga akamwuliza. "Mwipwa wangu, unataka kwenda Puta?" Fanwell akainamisha kichwa kukubali. "Unataka kubaki hapa?" Akakubali. Mjomba akamtazama kwa huzuni. "Weye ni mwanamuke?" Akakubali tena. Hakuna aliyecheka. Fanwell alijua kila mara kwamba amejibu vibaya. Kichwa kiliinama chenyewe, naye ndani akipiga kelele hapana, hapana.

"Nimeona," Chisenga alisema. "Mie si mwizi wa bwana wa mutu. Mvua ikiisha nitarudi. Akisema na kinywa yake mwenyewe fasi anataka kukaa, tutasikia. Asiposema, tutamubeba."

Basi wakawa na miezi mitatu.

Matildah alipoambiwa sharti hilo hakusema neno la huruma. Alikwenda akauvua mfuko wa pamba ya kalafati uliotundikwa ukutani, akauweka magotini mwa Fanwell. "Sokota. Mukono ya kuume. Mukono wa kushoto uulalie, ni mukono wa mwizi." Kutwa nzima vidole vilivyokufa vilivuruga pamba. Ilipita wiki moja kabla kidole gumba hakijasogea, na kiliposogea Matildah alisema ni mdudu. Kila siku alimnyang'anya kitu kimoja kwa haki ya utani na kukiweka mbali: leo kikombe mwisho wa kitanda, kesho kigoda mlangoni, keshokutwa kofia ya Jumapili juu ya mti wa uzio. Aliyeitaka mali yake aifuate. Mwaka alimshika mume kiunoni, na hatua kwa hatua, mguu wa kulia ukikwaruza ardhi, walifuata vitu vyao wenyewe uani kwao kama watu waliopoteza mbuzi.

Wimbo ulirudi kabla ya maneno. Jumapili moja kwaya ilikuja kumwimbia, na ghafla Fanwell alikuwa anaimba nao, beti nzima, kila neno mahali pake. Mubanga alipiga magoti. Lakini wimbo ulipoisha, Mwaka akamwambia, "Sasa sema maji," kinywa kikafunguka na hakikutoka kitu. Machozi yalimtoka Fanwell kwa aibu.

Neno lenyewe lilikuja mwishoni mwa Februari. Matildah alikuwa ameivaa ile kofia ya Jumapili, amekunja mkono kifuani, anauvuta mguu uani mbele ya majirani, akimwigiza. Aliigiza vizuri, yule mwanamke. Hata Mwaka alijificha uso asionekane akicheka. Fanwell aliketi mlangoni, na hasira ilimpanda kutoka tumboni, hasira nzuri, ya moto, ya mtu mzima.

"Paka!" alisema.

Matildah akasimama na mguu wake mmoja hewani.

"Nani anasema?"

"Paka weye!"

Kwa mtu wa ukoo wa Chui hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Matildah alirusha kofia juu, akazunguka ua akipiga vigelegele na kumshika kila mtu shingo. "Ameniita paka! Mbuzi ameniita paka! Amenitukana!" Akakimbia na habari hiyo mpaka sokoni.

Ila nisidanganye kwamba siku ile kila kitu kilifunguka. Kilichofunguka kilikuwa tundu dogo, nalo lilikuwa na mlinzi wake. Ukimwuliza Fanwell lolote, kilichotoka ni paka. Maji? Paka. Jina lako? Paka. Polepole ikaonekana kwamba akimtazama Matildah na kuanza na lile tusi, maneno mengine hujipenyeza nyuma yake. "Paka, leta maji." "Paka, mvua inakuya." Akimgeukia mtu mwingine, tundu lilijifunga.

Hilo lilimuuma Mwaka, na hakulificha. "Siku makumi munane nalimuosha," alimwambia Matildah jikoni. "Nalimugeuza, nalimulisha, nalimupangusa. Na neno yake ya kwanza anakupatia weye."

Matildah aliweka chini sufuria aliyokuwa anaikwangua. Mwaka alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo siku pekee aliyomwona bila mzaha. "Mwaka, sikia. Ni hasira njo ilimufungua kinywa. Kwako hana hasira. Ungependa akuwe nayo?"

Mwaka alifikiri. Akasema hapana. Wakamalizia kuosha vyombo pamoja.

Mvua za mwaka ule ziliisha mapema. Chisenga alirudi siku ya soko, kabla ya Pasaka, na mashua ileile, na mkeka mpya wa kumbebea mgonjwa. Alimkuta Fanwell ameketi nje, fimbo mkononi, amenyolewa ndevu, akafurahi kwa moyo wote. Vijana wanne walikaa kivulini. Mwaka akaleta maji ya kunawa, akasonga bukari, ugali wa muhogo, akalifunika, akaja kusimama nyuma ya mumewe.

"Mwipwa wangu," Chisenga alisema, "ninaona mwili imepona. Mungu atukuzwe. Sasa uniambie na kinywa yako. Puta, ao hapa?"

Fanwell alifungua kinywa. Akalihisi neno likija, akalijua ni neno gani, akakifunga haraka. Kumwita mjomba paka! Kaka wa mama yake, mtu ambaye mbele yake hakuwahi hata kukaa kiti kirefu! Hata kama wangemsamehe, wangesema akili imeondoka, na mkeka ulikuwa palepale.

"Hapa, ao Puta?" mjomba akauliza tena, taratibu.

Fanwell alikaza midomo mpaka ikawa myeupe. Alimtazama Mwaka, akajaribu kumwambia yeye. Tundu lilikuwa limefungwa. Chisenga alishusha pumzi. Aliinua mkono kuwaita vijana, na mkono wake haukuwa na furaha.

Ndipo Fanwell aliposimama. Alikita fimbo, akauvuta mguu, akatoka uani bila kumuaga mtu. Mjomba alimwita. Hakugeuka. Vijana walitaka kumshika, Mwaka akawatandazia mikono njiani. "Mumuache! Anaenda fasi anajua!" Basi wakamfuata, mjomba, vijana wanne na mkeka, Mwaka nyuma yao amebeba beseni la maji ambalo alisahau kuliweka chini. Mubanga aliwaona wakipita akajiunga, kwa sababu ulionekana kama msafara wa mazishi.

Kutoka kwake mpaka soko la samaki, mtu mwenye miguu mizima anakwenda kwa muda wa kuvuta sigara moja. Fanwell hakuwahi kufika nusu yake tangu aanguke. Alisimama mara tatu. Mara ya tatu goti lilikunjika, akajishika kwenye nguzo ya uchanja wa kukaushia samaki, akabaki hapo akihema, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Kisha akaendelea. Wauza samaki wakaacha kuita wateja. Matildah alikuwa ameinama juu ya mkeka wake wa samaki, akipanga. Alipoinua kichwa, yule mtu alikuwa amesimama mbele yake, jasho linamtiririka, na ukoo mzima wa Mbuzi nyuma yake.

Alielewa mara moja. Akaweka mikono kiunoni.

"Unataka nini, maiti? Hapa tunauza samaki, hatuuzi sanduku."

"Paka weye," alisema Fanwell, na sauti ilitoka kubwa, mpaka kwenye mashua za ufukweni. "Sikia. Puta siendi. Mie ninabaki Kashikishi. Nyumba yangu iko hapa."

"Nani anakupenda hapa, mbuzi mwenye kunuka?"

"Mama Chola." Hivyo ndivyo alivyomwita mkewe siku zote, kwa jina la binti yao aliyeolewa. Hakugeuka kumtazama, alijua akigeuka tundu litajifunga. Alimkazia macho Matildah, akayasukuma maneno moja moja. "Paka, sikia. Ule mwanamuke alinibeba. Aliniosha sawa mutoto. Usiku alinigeuza, kila usiku. Hakunichoka. Mie sina kinywa ya kumuambia aksanti. Ninakuambia weye, paka. Ninamushukuru. Ninamushukuru mingi. Pasipo yeye, mie ni gunia."

Matildah aliinama juu ya mkeka wake. Akajifanya anafukuza nzi kwenye samaki.

Chisenga alikuwa amevua kofia. Aliwaambia vijana waukunje mkeka. "Nimesikia," alisema. "Soko muzima imesikia. Mutu amesema." Kisha akampita mwipwa wake, akamkaribia Mwaka, akapiga magoti mawili chini kwenye magamba ya samaki, mzee yule, akapiga makofi ya shukrani kama mtu anavyompigia mkubwa wake.

Mwaka hakujua afanye nini na beseni. Alilitazama, akalitua, akachota maji kwa kiganja, akamfuta mumewe jasho usoni na shingoni mbele ya watu wote.

"Ninasikia, Baba Chola," alisema. "Nalisikia yote. Twende nyumbani, bukari inapoa."